Nywele za mtoto mdogo: tuzichane kwa upole, tuzitazame kwa makini

Mwezi huu ninaomba tuzungumze juu ya nywele za watoto wadogo, hasa wale wa mwaka mmoja mpaka mitatu. Najua wapo watakaosema: "Nesi amekosa la kuandika. Malaria ipo, kifua kikuu kipo, yeye anatuletea habari za chanuo." Lakini sisi tunaofanya kazi kliniki na katika wodi ya watoto tunajua kwamba kichwa cha mtoto kinasema mengi. Kinasema kama mtoto anaoshwa, kama anashikwa kwa upole, na, lililo kubwa kuliko yote, kama chakula anachokula kinamtosha.

Nina mambo mawili ya kusema, nami nitayasema wazi tangu mwanzo. La kwanza: mateso tunayowapa watoto wadogo kwa jina la kuwapendezesha nywele hayana sababu, na yafaa yakome. La pili: tabia yetu ya kusifu nywele laini na kuzidharau za kipilipili inawaponza watoto, maana inatufanya tufurahie kitu ambacho pengine ni dalili ya ugonjwa mkubwa.

KWA NINI NYWELE ZINAJIFUNGA?

Unywele wa mtoto mdogo ni mwembamba kuliko wa mtu mzima. Kwa wengi wetu Waafrika unywele huota kutoka katika shina lililopinda, kwa hiyo hutoka ukiwa umejikunja kama springi. Springi moja hushika nyingine, na hapo ndipo vifundo vinapoanza. Tena ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini mafuta hayo hayatelemki kwa urahisi katika unywele uliojikunja. Basi ncha hubaki kavu, na kitu kikavu hukatika upesi, hasa pale kilipopinda.

Wapo pia watoto wenye nywele nyembamba za singa tangu kuzaliwa, kama wengi tunaowaona kule pwani, na watoto wa jamaa zetu wenye asili ya Kisomali, Kiarabu au Kihindi. Nazo hujifunga, hasa kisogoni, maana mtoto hulala akigeuza kichwa huku na huku juu ya godoro. Ongezeni kofia ya sufu, jasho, kanga inayosugua kichwa akiwa mgongoni kwa mama, uji aliojipaka mwenyewe, na vumbi la uani. Jioni utakuta kisogoni kitu kama kiota cha ndege.

Mtoto aliye hivyo hana ubaya wowote. Hajarogwa, wala mama yake si mchafu. Ni nywele nyembamba zilizosuguliwa, basi. Na upara mdogo unaotokea kisogoni kwa mtoto mchanga katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida vilevile: nywele alizozaliwa nazo huanguka ili nyingine ziote.

KUCHANA BILA MACHOZI

Katika nyumba nyingi asubuhi ya Jumapili hutangazwa na kilio cha mtoto. Mama amechelewa, anamkaba mtoto katikati ya magoti, anachukua chanuo na kulipitisha kutoka shinani mpaka nchani kwa nguvu, nywele zikiwa kavu. Mtoto analia, anapigwa kofi, analia zaidi. Baada ya wiki chache akiliona chanuo tu anakimbilia chini ya kitanda. Tumemfundisha kwamba mikono ya mama ni ya kuogopwa.

Ipo njia nyingine, nayo haihitaji fedha nyingi:

1. Chagueni saa ya utulivu, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Kuoga jioni kunafaa kuliko asubuhi ya haraka. Mpeni kitu cha kushika, au kaka yake amsimulie hadithi.

2. Msichane nywele za kipilipili zikiwa kavu. Zilowesheni kidogo kwa maji ya vuguvugu, kisha pakeni mafuta kidogo, kama ya nazi. Nywele za singa zikiwa chepechepe huvutika na kukatika, kwa hiyo ziacheni zikauke kiasi, pakeni tone la mafuta, ndipo mchane.

3. Tumieni vidole kwanza. Fundo lishikeni kwa vidole vya mkono mmoja karibu na ngozi ili kichwa kisivutwe, na kwa mkono wa pili mlifumue taratibu.

4. Anzieni nchani, si shinani. Chaneni sentimeta mbili za mwisho, kisha pandeni kidogo kidogo. Anayeanzia shinani husukuma vifundo vyote chini na kufanya fundo moja kubwa.

5. Tumieni chanuo lenye meno mapana yasiyovunjika. Jino lililovunjika hukwaruza ngozi, na mkwaruzo ni mlango wa vijidudu.

6. Fundo likikataa kabisa, likateni kwa mkasi. Nywele zitaota tena, kadiri ya sentimeta moja kwa mwezi. Hakuna haja ya kumliza mtoto nusu saa kwa sababu ya fundo moja.

Kuosha mara moja kwa wiki kunatosha kwa watoto wengi, isipokuwa amejipaka matope au uji. Sabuni ya unga ya kufulia haifai kichwani, maana hukausha nywele na kuwasha ngozi. Usiku, kitambaa laini juu ya mto au godoro hupunguza vifundo vya kisogoni. Msimfunge mtoto mdogo kilemba au mfuko wa plastiki kichwani wakati wa kulala, maana unaweza kuteleza na kumziba pumzi.

Akina mama, jambo jingine dogo. Miezi michache baada ya kujifungua nywele za mama nazo hudondoka kwa wingi. Ni kawaida, wala hazimaanishi kwamba mtoto "anamnyonya nywele." Lakini unywele mmoja wa mama unaweza kuingia ndani ya soksi ya mtoto na kujizungusha kwenye kidole cha mguu mpaka kikavimba na kukosa damu. Mtoto mchanga akilia bila sababu inayoonekana, mvueni nguo zote, mtazame vidole vya mikono na vya miguu kimoja kimoja.

KUSUKA, DAWA ZA NYWELE NA FAHARI YETU SISI WAZAZI

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Krismasi na Pasaka zikikaribia tunaona watoto wa miaka miwili wamesukwa rasta nzito, ngozi ya paji imevutwa mpaka macho yamebadilika sura. Mtoto hawezi kulala upande wowote. Pembeni mwa uso vinatokea vipele vidogo vyenye usaha. Mama anasema: "Zitalegea tu." Ni kweli zitalegea, lakini unywele unaovutwa kila mwezi mwisho hung'oka. Mwanzoni nywele za pembeni huota tena zikiachwa zipumzike. Mvuto ukiendelea kwa miaka, shina hufa na upara hubaki maisha yote. Wanawake wengi wazima wanaoficha paji kwa kitambaa walianza kuvutwa nywele wakiwa wadogo.

Bibi husema mtoto asiposukwa nywele hazikui. Kwa heshima zote kwa bibi, unywele hukua kutoka shinani kwa mwendo wake, asukwe asisukwe. Mistari iliyosukwa kwa kulegea husaidia nywele zisikatike na zisijifunge, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kukaza hakuongezi hata sentimeta moja. Kipimo ni rahisi: kama mtoto analia baada ya kusukwa, au ngozi imeinuka kwenye shina la nywele, fumueni siku hiyohiyo, hata kama msusi amelipwa. Shanga na vibanio vidogo msiwafunge watoto wa umri huu. Vikidondoka huenda mdomoni, na kutoka mdomoni vyaweza kuziba njia ya hewa.

Juu ya dawa za kulainisha nywele nitasema kwa ukali zaidi. Nyingi kati ya dawa hizo zina kemikali ileile kali inayotumika kutengeneza sabuni, yaani soda kali inayounguza. Ikikaa kichwani kupita kiasi huunguza ngozi ya mtu mzima, seuze ngozi ya mtoto. Chupa au kopo likiachwa chini, mtoto anaweza kulamba, na dawa ikaunguza mdomo na koo. Kidonda kikipona, koo linaweza kubaki jembamba kiasi kwamba hata uji haupiti. Mtoto akimeza dawa hiyo, msimtapishe, maana itaunguza tena wakati wa kurudi. Msukutueni kinywa kwa maji safi na mkimbilie hospitali. Ikimwagika kichwani au machoni, mwosheni kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, ndipo mwende. Maoni yangu ni haya: mtoto chini ya miaka mitano hana sababu hata moja ya kutiwa dawa ya nywele. Anayetiwa ni yeye, lakini anayetaka ni sisi.

UTOSI, WEMBE NA MASHINE

Akina mama wengi huogopa kuosha na kuchana utosini. Utosi hufunikwa na utando mgumu, na kuosha kwa upole hakuudhuru. Kwa wengi huziba kabisa kufikia mwaka mmoja na nusu. Magamba yanayojikusanya pale yapakeni mafuta, yaacheni yalainike, kisha yaosheni. Msiyabandue kwa kucha. Lakini utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha ni dalili ya upungufu wa maji mwilini. Huo hautibiwi kwa kupaka majani wala mafuta. Mpeni maji ya chumvichumvi mliyopewa kliniki, mwendelee kumnyonyesha, na mfike hospitali haraka.

Kunyoa ni desturi ya makabila yetu mengi, na wenzetu Waislamu huzinyoa nywele za mtoto siku ya saba. Desturi hizi hazina madhara, mradi wembe uwe mpya na utumike kwa kichwa kimoja tu. Wembe mmoja kwa watoto wanne unaweza kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa hueneza mapunye. Na ile imani kwamba kunyoa huzidisha wingi wa nywele si ya kweli: shina halijui kilichotendeka juu ya ngozi.

Mkiniuliza mimi, nywele fupi ndizo zinazomfaa mtoto mpaka atimize miaka mitatu, awe wa kiume au wa kike. Huoshwa upesi, hazijifungi, na ngozi huonekana. Atasuka akikua, wakati naye ataweza kusema "inauma" na kusikilizwa.

CHAWA NA MAPUNYE

Chawa hawaji kwa sababu ya uchafu pekee. Hutembea kutoka kichwa hadi kichwa watoto wanapolala pamoja. Lowesheni nywele, pakeni mafuta, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu kila baada ya siku mbili tatu kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, maana mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Au mnyoeni. Msipake mafuta ya taa, maana huunguza ngozi, hushika moto karibu na jiko, na mtoto akiyavuta au kuyameza huharibu mapafu. Dawa za kuua wadudu wa pamba au mahindi ni hatari kuliko hizo, maana hupenya kwenye ngozi na zinaweza kuua.

Mapunye ni mabaka yenye magamba ambapo nywele zimekatika. Ni ugonjwa wa kuvu. Wengi hupaka krimu miezi mitatu na kushangaa kwamba hauponi. Sababu ni kwamba kuvu huyo huishi ndani ya unywele wenyewe na ndani ya shina, mahali ambapo krimu haifiki. Zinatakiwa dawa za kumeza zilizoandikwa na mganga, kwa wiki 6 hadi 8 mara nyingi, na zisikatizwe mtoto anapoonekana amepona. Kila mtoto awe na chanuo lake na kofia yake.

NYWELE LAINI ZINAPOKUWA DALILI

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, na naomba msome polepole.

Mara nyingi mama hufika kliniki na mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Mtoto ana mashavu makubwa, ametulia sana. Nywele zake ni nyembamba, laini, zimenyooka, rangi yake ni ya hudhurungi au nyekundu kama shaba. Majirani kwenye foleni wanamsifu: "Huyu ana nywele za Kiarabu! Hata chanuo halihitajiki." Mama anatabasamu. Muuguzi akibonyeza mguu wa mtoto, shimo linabaki pale. Mtoto huyo anaumwa kwashakoo, naye anaweza kufa katika siku chache.

Ugonjwa huu uliandikwa katika majarida ya kitabibu mwaka 1933 na daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Jina la kwashakoo alilichukua kwa watu wa huko wenye lugha ya Kiga. Kwao lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuwa mdogo wake amekuja. Waliona yale tunayoyaona mpaka leo: mtoto anaachishwa ziwa ghafla, anapewa uji mtupu wa mahindi au muhogo, au ndizi peke yake, kisha anapata kuharisha au surua, na mwili unashindwa.

Mwili ukikosa chakula cha kutosha hupunguza kwanza kazi zisizo za lazima, na kutengeneza nywele ni mojawapo. Unywele mpya hutoka mwembamba, hukosa rangi yake, hukosa mkunjo wake, na hushikwa vibaya na ngozi. Kwa kuwa unywele hukua polepole, hutunza kumbukumbu kama daftari. Mtoto aliyekula vizuri wakati wa mavuno, akala vibaya wakati wa njaa, kisha akala vizuri tena, anaweza kuonyesha mistari katika unywele mmoja: mweusi, mwekundu, mweusi.

Basi tutajuaje nywele laini za kuzaliwa na zile za ugonjwa? Neno la kushika ni BADILIKO. Mtoto aliyezaliwa na nywele za singa, anayekula, anayecheza, anayeongezeka katika kadi yake, hana shida. Lakini mtoto aliyekuwa na kipilipili, na sasa zimenyooka zenyewe, anatakiwa kupimwa. Tazameni mambo haya:

(a) Nywele zimepungua na zimebadilika rangi. Mkizishika chache kwa vidole na kuvuta polepole, zinatoka bila mtoto kuonyesha maumivu.

(b) Miguu yote miwili imevimba. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya kila mguu, mhesabu mpaka sekunde tatu, kisha mwachie. Shimo likibaki miguu yote miwili, msisubiri kesho.

(c) Mtoto amenuna, hachezi, hataki kula, halii kwa nguvu.

(d) Ngozi imekuwa na mabaka meusi, inabanduka kama rangi ya ukutani.

(e) Mkono wa juu ni mwembamba. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka mitano, mzunguko wa chini ya sentimeta 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa wastani, naye anahitaji msaada. Kliniki zina utepe wa kupimia wenye rangi.

Angalizo kubwa: maji ya uvimbe yana uzito. Mtoto wa kwashakoo anaweza kuonekana hajapungua katika kadi, na watu wakasema amenenepa. Ndiyo maana haitoshi kutazama mizani peke yake. Tazameni miguu, tazameni nywele.

Mtoto mwenye dalili hizi msijaribu kumponyesha nyumbani kwa kumlundikia nyama na mayai siku moja. Mwili uliodhoofika hauwezi kubeba chakula kingi ghafla, na unaweza kushindwa kabisa. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Hukingwa na baridi na kutibiwa maambukizo yaliyojificha. Hupimwa pia kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, maana magonjwa hayo nayo hudhoofisha watoto. Mama asione aibu kukubali vipimo hivyo, kwa kuwa tiba ipo. Uvimbe huondoka katika siku za kwanza, tabasamu hurudi, lakini nywele huchukua miezi. Siku tunapoona weusi umeanza kuota tena shinani, wodi nzima hufurahi.

CHAKULA NDICHO MAFUTA YA NYWELE

Mwaka 2022 uchunguzi wa taifa wa afya uliona kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Si wote hawa wana kwashakoo, lakini wote wamekosa lishe iliyo sawa kwa muda mrefu. Na si wote wanatoka katika nyumba zisizo na chakula. Mara nyingi mayai ya kuku wetu huuzwa gulioni, na fedha yake hununua soda na biskuti. Dagaa huliwa na baba, mtoto huchovya ugali katika mchuzi. Rasta na ujira wa msusi hupatikana, karanga hazipatikani. Fanyeni hesabu wenyewe: fedha iliyosuka kichwa cha mtoto wa miaka miwili ingenunua mayai mangapi?

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi pamoja na vyakula vingine. Uji uwe mzito wa kushikwa na kijiko, utiwe karanga zilizosagwa, maziwa au mafuta kidogo. Maharage yapondwe, dagaa wasagwe, yai lichemshwe, mboga za majani ziungwe, matunda yawepo. Ale mara tatu au nne kwa siku, katika sahani yake mwenyewe ili mjue amekula kiasi gani. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu iliua watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watoto hawawezi kuivumilia.

NENO KWA AKINA BABA, AKINA BIBI NA MAJIRANI

Akina baba, msiseme nywele ni mambo ya wanawake. Baba ndiye mara nyingi anayeamua yai liuzwe au liliwe, na baba ndiye mwenye nauli ya kwenda hospitali. Mshike mtoto wako miguu jioni hii, mbonyeze. Ni kazi ya sekunde tatu.

Akina bibi, ninyi ndio mnaolea watoto walioachishwa ziwa mama akiwa na mimba nyingine. Mnajua mengi kutuzidi. Naomba mwongeze na hili: mjukuu ambaye nywele zake zimelainika ghafla anahitaji kliniki mapema kuliko pongezi.

Na sisi majirani tuangalie midomo yetu. Neno "nywele nzuri" tulilifanya kuwa na maana moja tu: nywele zinazofanana na za watu wengine. Mtoto wa kipilipili husikia tangu ana miaka miwili kwamba kichwa chake ni kibaya, ni kigumu, ni cha kupigana nacho. Naye mwenye ugonjwa husifiwa mpaka anazidiwa. Nywele nzuri ni zile zinazotoka katika mwili wenye afya, ziwe za singa au za kipilipili, nyeusi na zilizoshika vizuri. Tukikutana katika jumuiya zetu na kumwona mtoto ambaye nywele zake zimebadilika, tumwite mama yake pembeni kwa upole, tusimwaibishe mbele za watu, tuongozane naye kliniki.

Chanuo ni chombo kizuri kwa sababu kinatulazimisha kukiangalia kichwa cha mtoto kwa karibu walau mara moja kwa wiki. Tukitumie hivyo. Tukichana taratibu huku macho yetu yakitazama, tutafumua vifundo, na pengine tutawahi kuokoa maisha.